Alama ya Vema

Kijana wa chuo alikuja Jumanne na hojaji,
viatu vimeshika vumbi jekundu la Kitangari,
akasema, "Mwalimu, kurasa nne tu.
Weka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja:
moja, huridhiki kabisa; tano, unaridhika sana.
Jina usiandike."

Miaka kumi na tisa nawawekea vema watoto wa watu.
Leo naambiwa nijiwekee mwenyewe.

Swali la tatu. Je, mshahara unakidhi mahitaji yako?
Mshahara unafika, siusingizii.
Benki inaupokea mlangoni, inakata chake,
saccos inakata chake,
kinachobaki kinaniamkia shikamoo, kinaondoka.
Ndoo ya maji mwezi wa kumi ni mia tano,
pampu ikifa, mia nane.
Kisanduku cha ndoo hamkuchora.

Swali la saba. Mazingira ya kufundishia.
Darasa la nne wapo mia moja na kumi na wawili.
Korosho zikianza kudondoka, wanabaki hamsini na wanane.
Najua aliko kila asiyekuwepo:
Mnaida anaokota shambani kwa babu yake,
Fadina kabeba mdogo wake, mama yuko mnadani,
Chipande nasikia kapelekwa kwa shangazi Tandahimba
na hakuna aliyeniaga.
Siku hizo, Mungu anisamehe, nafundisha vizuri zaidi.
Nasikia hata midomo ya anayesoma kimoyomoyo.
Weka mbili. Hapana, futa. Weka nne.

Petronila Mrope tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, Nachingwea,
yeye juu, mimi chini.
Sasa anafundisha shule ya kulipia, Mtwara mjini,
watoto ishirini na wanne, basi la njano,
chai ya saa nne ina mayai.
Jana usiku alinipigia akinong'ona.
Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja.
Desemba meneja anahesabu vichwa vya watoto,
akimaliza anahesabu vya walimu.
Juni mshahara ulisubiri karo, karo ikasubiri wazazi,
na mzazi mmoja kampigia saa nne za usiku
kuuliza sabini na nane ya mwanawe imetoka wapi.
"Wewe angalau ukiumwa, ukipona unabaki mwalimu," akasema.
"Wewe angalau chaki haikuishii katikati ya sentensi," nikamjibu.
Tukacheka. Kisha tukanyamaza,
dakika zake zikatuishia humo humo katika kimya.

Swali la kumi na moja.
Ungepata nafasi nyingine, ungeacha kazi hii?

Barua ninayo. Niliiandika mwaka wa tano,
iko chini ya nguo, imekunjwa mara nne,
tarehe tu ndiyo sijajaza.
Mwaka ule nilikuwa na mtoto anaitwa Likapa,
b na d kwake zilikuwa kitu kimoja kilichogeuka kulala.
Bibi yake alikuwa anaweka salfa ya mikorosho
pembeni ya unga wa muhogo, mfuko na mfuko.
Jioni moja Likapa akausimamia ule mfuko wa salfa,
kidole kikitambaa chini ya herufi:
we-ka m-ba-li na cha-ku-la.
Bibi aliuhamisha usiku ule ule.
Asubuhi alikuja shuleni, mfuko umekung'utwa, umekunjwa kwapani,
hakushukuru, hakukaa.
Alitaka nimsomee yale maandishi madogo ya chini,
maana mtoto, alisema, alichoka.

Nikasoma yote, mpaka anwani ya kiwanda.

Sasa niambie, mwanangu wa chuo,
mfuko ule niutie kwenye tatu au kwenye nne?

Nimeliacha wazi la kumi na moja.
Ukurasa wa mwisho mmeandika "kulidhika".
Nimesahihisha kwa wino mwekundu, mkono hauna breki.
Na pale penye "maoni mengine", mistari miwili tu,
nimeandika neno ninaloandika madaftarini
jibu likikaribia, lakini njia haionekani.
Jina sikuweka. Hati yangu hapa kila mtu anaijua.

Nione.